Wewe Chupa, Mwambie

Asubuhi ile nilimsonya mgonjwa wangu.

Naomba nieleweke. Mimi ni mtu ambaye nikikanyagwa mguu sokoni, naomba radhi mimi. Nimelelewa Lindi na bibi aliyetufundisha kwamba mkubwa huamkiwa hata akiwa amesinzia, kwa sababu huenda anasikia. Lakini asubuhi ile, katika wodi ya Nyumba ya Usemi, Korogwe, nilimtazama Mzee Mbazi akiwa ameegemezwa mito mitatu kitandani, nikafungua kinywa nimwamkie kwa Kipare, na mahali pa salamu ukatoka msonyo. Ulikuwa mrefu na wenye mapozi katikati. Kisha mwili wangu ukageuka wenyewe, nikampa mzee wa watu mgongo.

"Somoe!" Dakta Mahimbo alisema.

"Dakta, si mimi," nilijibu kwa Kiswahili, nikiwa nimekabiliana na ukuta.

"Kama si wewe, nani?"

Nilijaribu tena. Kipare kilikuwepo kichwani, chote, kimejipanga kama vyombo kabatini. Nilijua jinsi ya kuuliza mtu ameamkaje, amelalaje, ng'ombe wameamkaje, watoto wameamkaje. Nikageuka, nikamwona Mzee Mbazi akinitazama kwa macho ya matumaini, na lile kabati likajifunga. Shingo ikapinda. Mdomo ukabinuka. Nikakimbilia korido kabla sijasonya mara ya pili.

Toroli la chai, lile linalojiendesha lenyewe wodini, lilinipisha. "Samahani, dada," likasema. Nililiomba radhi na lenyewe.

*

Kiharusi kilikuwa kimechukua Kiswahili chote cha Mzee Mbazi. Hilo hutokea. Mtu mwenye lugha mbili anaweza kuamka hospitalini akakuta moja imebaki na nyingine imekwenda, na hakuna anayeweza kusema mapema ni ipi itakayobaki. Kwake ilibaki ile ya kwanza, ya mgongoni mwa mama, na hiyo nayo ilikuwa vipande. Alisema "chai". Alisema "baridi". Majina ya watu yalikuwa yamempotea kabisa. Watoto wake walipopiga simu kutoka mijini walikoishi, walimsemesha kwa Kiswahili, lugha pekee waliyokuwa nayo, naye aliwasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

Dawa ya hali kama hiyo ni mazungumzo. Katika miezi ya mwanzo ubongo huhangaika kutafuta njia mpya za kuzunguka mahali palipoharibika, na kila mgonjwa anapoitikiwa, njia moja hukanyagika zaidi. Asipoitikiwa, ubongo huacha kuhangaika. Hukaa kimya, na ukizoea kimya ni vigumu kuuamsha. Mzee Mbazi alikuwa ameshatumia sehemu kubwa ya miezi hiyo akitazama dari.

Mtaalamu wa usemi anayejua Kipare hakuwepo. Wenyeji waliokisema kwa ufasaha walikuwa wamebaki wachache sana, wote juu milimani, wote wazee. Lakini mbegu ilikuwepo.

Mbegu ya lugha hupatikana hivi: msemaji huvalishwa kofia, akaombwa kusema, kusikiliza, kubishana na kuimba kwa msimu mzima, huku mashine ikifuata mapito ya ubongo wake, neno kwa neno. Anayejifunza huvaa kofia kama hiyo akilala baada ya chakula cha mchana. Mashine humpitisha katika mapito yale yale, taratibu, kama mtu anayekanyaga majani mpaka njia ionekane. Baada ya wiki moja ya kulala, unaamka ukiwa na lugha. Watengenezaji walituhakikishia jambo moja kwa herufi kubwa: yanahama maneno tu, bila mambo ya watu.

Mbegu ya Kipare ilikuwa moja nchi nzima. Ilitolewa na bibi mmoja wa kijiji cha Vundeo, Bi Namcheja, na ilinikaa vizuri mno. Kabla ya kukutana na Mzee Mbazi nilikwenda kuijaribu kwenye kituo cha kamba, pale vibebeo vinavyoning'inia hewani vinaposhusha tangawizi kutoka milimani. Nilibishana na wamama wa tangawizi. Mimi! Nilishika kiuno. Niliuliza kama hayo mafungu waliyapanga wakiwa wamefumba macho. Walicheka, wakanipa kigoda, wakaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Nilirudi ofisini nikitembea katikati ya barabara.

Kwa hiyo unaweza kufikiri nilivyojisikia, siku ya pili yake, nikiwa koridoni naliomba radhi toroli.

*

"Ni aibu zako tu," Dakta Mahimbo alisema. "Umeona mgonjwa, ukaingiwa na woga, woga ukatoka vibaya."

"Mimi nikiingiwa na woga sisonyi, Dakta. Nakohoa."

"Basi nitavaa mimi."

Dakta Mahimbo ni mtu mwema, mnene kidogo, anayependa kuthibitisha mambo. Wiki nzima alilala ofisini baada ya chakula, kofia kichwani, akikoroma mpaka toroli likawa linakwenda kumuuliza kama anahitaji msaada. Mwisho wa wiki aliamka, akaniambia kwa Kipare kilichonyooka kwamba ofisi yangu ni chafu na kwamba sijui kupika. Hajawahi kula chakula changu.

Tuliongozana mpaka wodini. Aliingia kwa mbwembwe, mikono nyuma, tabasamu pana. Mzee Mbazi alijiinua kidogo kwenye mito.

Nilihesabu pumzi moja. Tabasamu la Dakta likaanza kuteremka, kwanza upande mmoja, kisha wa pili. Kidevu kikapanda juu. Akavuta upande wa koti lake jeupe kama mtu anayeepusha khanga isiguse tope, akazunguka, akasonya. Wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alijifunika shuka.

Mzee Mbazi hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma. Kwa pembe ya jicho nilimwona akitutazama, migongo miwili imejipanga mbele yake, na uso wake ukaonyesha kwamba anakitambua anachokiona. Akatikisa kichwa polepole, akafumba macho.

*

Tuliifungua mbegu kwenye kioo kikubwa cha ofisini. Mbegu ikifunguliwa huonekana kama mji unaotazamwa kutoka mlimani: taa nyingi, kila taa neno, na kila taa imeunganishwa na nyingine kwa nyuzi. Tulipouonyesha mji huo picha ya Mzee Mbazi, taa zote za usemi zilififia kwa mpigo, kama umeme umekatika.

"Anamjua," nilisema.

Dakta alitafuta. Jina la ukoo la mgonjwa na la Bi Namcheja lilikuwa moja. Tuliwahi kuliona hilo tangu mwanzo tukalipuuza, kwa sababu Vundeo nusu ya kijiji wana ukoo mmoja. Lakini huyu hakuwa wa ukoo tu. Alikuwa kaka yake Bi Namcheja, tumbo moja, na Bi Namcheja alikuwa amemnunia. Si nuno la wiki mbili. Lilikuwa limeingia katika lugha yenyewe na kukaa humo kama moshi kwenye nguo.

"Maneno tu," nilisema, "bila mambo ya watu."

"Ilikuwa tangazo la biashara, Somoe, usiwe mtoto." Dakta alikuwa ameshavuta kiti. "Dawa ipo. Tunamchuja. Tunatafuta kila kilichofungamana na huyu kaka, tunakitoa, mbegu inabaki safi. Kesho unaongea na mgonjwa."

Alibonyeza ili tuone kwanza jinsi itakavyokuwa. Taa zikaanza kuzimika.

Nilidhani zitazimika chache: *kaka*, labda, na *ugomvi*, na matusi kadhaa. Zilizimika *maji*. Ilizimika *moto*. Ikazimika *moja*, na *mbili*, na hesabu yote nyuma yake, ikafuatana kama kondoo. Ilizimika *shuka polepole*. Yakazimika majina ya ndege wote wa milimani na neno la kumwambia mtoto asilie, mvua itapita.

Mtoto haokoti maneno hewani. Kila neno analipokea kutoka kinywa cha mtu, na neno hilo hubaki na harufu ya kinywa hicho maisha yote, hata akisahau. Nilikuwa nimelisoma hilo chuoni, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Sikuwahi kuliona. Nyuzi zilionyesha wazi: mama yao alikuwa shambani, na aliyembeba Bi Namcheja mgongoni tangu asubuhi mpaka jioni alikuwa kaka yake. Nusu ya Kipare cha yule bibi ilitoka mgongoni pale.

Taa ya mwisho kuzimika ilikuwa ndogo, katikati kabisa. Dakta aliisogeza tuisome. Ilikuwa *Namcheja*.

"Hata jina lake," nilisema. "Alilisikia kwanza kwa kaka yake."

"Somoe, hii ni nakala. Bibi mwenyewe hapungukiwi hata unywele."

"Ni nakala pekee ya Kipare tuliyonayo. Na mgonjwa wetu anayo hayo hayo tunayotaka kuyatoa. Hayo ndiyo yaliyombakia. Tutamsemesha kwa lugha ambayo ndani yake hajawahi kuzaliwa."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumtolea mkubwa wangu, na mwishoni nilikohoa.

Dakta alivua miwani. Akiwa bila miwani huonekana mdogo. "Nusu ya maneno na mtu wa kumsemesha," alisema, "au maneno yote na migongo miwili. Kila siku tunayobishana hapa, yeye anatazama dari. Chagua."

Nilijua ana hoja. Nilijua pia kwamba tukibonyeza, hakutakuwa na wa kulalamika, maana kilichotolewa hakiachi pengo linaloonekana. Kila mwanafunzi wa Kipare baada yangu angekuwa na lugha isiyo na kaka, akadhani ndivyo ilivyo.

"Angalau tumuulize mwenyewe," nilisema.

*

Bi Namcheja alipokea simu ya video akiwa ameishika karibu sana na uso, hivyo nilizungumza na pua na jicho moja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyepewa maneno yangu? Mbona mwembamba?"

Nilimweleza polepole. Nilipofika kwenye jina la Mzee Mbazi, jicho lilifumba.

"Simjui."

"Bibi, ni kaka yako."

"Nani kakwambia nina kaka?"

"Ulimi wangu, Bibi. Nikimwona tu, unakataa."

Simu ikasogea mbali, uso wote ukaonekana, na juu ya uso huo kilikuwa kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa amefurahi.

"Unakataa kabisa?"

"Kabisa. Namsonya."

"Na huyo daktari wenu?"

"Na yeye alivaa kofia. Na yeye alimsonya."

"Daktari mzima!" Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakumbuka kwamba anapaswa kukasirika. "Kwa hiyo hasira zangu mmezigawa bure kama vyandarua? Mlikuja hapa mkanikamua kama ng'ombe, mkaniambia mnataka maneno. Hasira niliwapa mimi?"

"Hatukujua kama zimo, Bibi. Tusamehe."

"Zimo! Zitakosaje kuwemo?" Na hapo akanieleza habari ya fenesi.

Juu ya nyumba yake, kwenye mteremko, kulikuwa na mfenesi wa jirani. Uani kwake kulikuwa na mfenesi wake. Siku moja, miaka mingi iliyopita, fenesi kubwa lilikutwa uani, limepasuka, linanukia mpaka barabarani. Jirani akasema ni lake, limeporomoka kutoka mteremkoni. Bi Namcheja akasema ni lake, limedondoka hapo hapo uani. Walikwenda baraza la kijiji, wakapanda la kata, wakapanda la juu yake, na fenesi lenyewe lilikuwa limeliwa tangu siku ya kwanza. Shahidi alikuwa mmoja tu, aliyekuwa akipalilia tangawizi pale jirani na kuona kila kitu. Bi Namcheja alimwita kwa jina mbele ya watu wote, shahidi wake, kaka yake.

"Akasimama," alisema, "akavua kofia, akasema: nililiona likiporomoka."

"Na... lilikuwa limeporomoka, Bibi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama ugali ni wa unga.

"Liliporomoka! Kila mtu alijua limeporomoka. Lakini kaka ni wa kazi gani?"

Nilimweleza basi kuhusu kuchuja. Kwamba tunaweza kumtoa Mzee Mbazi katika mbegu, lakini tunahitaji ruhusa yake.

"Mtoeni."

"Bibi, akitoka yeye, yanatoka mengi."

"Mtoeni tu. Amekaa kwangu vya kutosha."

Hapo ndipo nilipokuwa na ruhusa ya kila mtu. Dakta alitaka, mwenye lugha alikubali, mgonjwa hakuweza kusema. Aliyekuwa anakataa ni mimi, ambaye Kipare si changu, kaka si wangu, na fenesi sikulionja. Ningeweza kukata simu. Badala yake nilisema, kwa sauti ndogo, "Hata jina lako linatoka, Bibi. *Namcheja.* Lipo upande wake. Yeye ndiye aliyekuita hivyo mara ya kwanza."

Kioo kilionyesha jicho, kisha dari, kisha kuku akipita. Simu ilikuwa imewekwa chini. Baada ya muda ikakatika.

*

Dakta aliniambia tutachuja kesho yake mchana. "Ruhusa ametoa, Somoe," alisema, kwa upole, na ilikuwa afadhali angefoka.

Nilikwenda kukaa wodini. Sikuwa na kazi ya kufanya huko. Nilitaka tu Mzee Mbazi asikae peke yake. Nilivuta kiti karibu na kitanda, mwili ukakigeuza, nikajikuta natazama kabati dogo la pembeni. Juu yake ilikuwepo chupa yake ya chai, ya zamani, nyekundu yenye maua, kitu pekee alichokuja nacho kutoka Vundeo. Toroli lilishampelekea chai ya hospitali. Hakuigusa.

Alijikohoza nyuma yangu. "Chai," alisema kwa Kipare. Kisha, baada ya jitihada ndefu, "Baridi."

Nilitaka kumjibu mpaka machozi yakanilenga. Nikaitazama ile chupa, na bila kufikiri nikasikia sauti yangu, kwa Kipare safi, ikisema:

"Wewe chupa, huyo bwana wako tangu asubuhi hajanywa kitu. Anajifanya shujaa. Mwambie akikauka asitusumbue."

Kitanda kikalia. Mzee Mbazi alikuwa anacheka.

Nilikaa wima. Nikajaribu tena, nikiwa nimekaza macho kwenye maua. "Wewe chupa, hebu muulize, anataka iwekwe tangawizi au hataki?"

"Chupa," alisema nyuma yangu. Alipumzika. "Mwambie. Nyingi."

Nilikuwa mjinga kiasi gani! Mtu anapomnunia jirani yake, hasemi naye, lakini hakai kimya. Nani aliyewahi kununa akakaa kimya? Anasema na kuku, na sufuria, na mtoto asiyejua kusema, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya ua: *wewe kuku, wapo watu humu hawajui kupalilia.* Bi Namcheja alikuwa amemsemesha kaka yake kila siku miaka yote hiyo, kupitia kuku. Njia hiyo ilikuwemo katika mbegu, barabara pana kabisa, imekanyagwa ikang'aa, na sisi tulikuwa tunaitafuta njia kwa kukata msitu.

Tulizungumza mchana kutwa, mimi, yeye na chupa. Chupa iliulizwa habari za mvua. Chupa iliambiwa ihesabu, na Mzee Mbazi akaihesabia, moja, mbili, akakwama, akaanza upya, akavuka. Chupa ilitukanwa pia, maana kwa Kipare mimi nina mdomo. Dakta Mahimbo alikuja kusimama mlangoni, akageukia ukuta kama desturi yake, akabaki hapo akisikiliza. Mwishowe akasema, akiuambia ukuta kwa Kipare, "Wewe ukuta, huyo mgonjwa leo ana rangi nzuri." Kisha akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Hatuchuji."

*

Bi Namcheja alishuka na kibebeo cha tangawizi asubuhi iliyofuata, amekaa juu ya magunia kwa sababu alikataa kile cha abiria. Alikuwa na kapu, na mkononi fimbo ambayo haikuwa ya kutembelea.

"Sikuja kumwona mtu," alinitangulia kusema. "Nimekuja kuangalia kama mmekata vizuri."

"Hatujakata, Bibi."

"Mbona niliwaambia mkate?" Lakini hakungoja jibu. Alinipita, akaenda wodini moja kwa moja, bila kuuliza njia.

Alimkuta kaka yake amekaa. Alimtazama upande ule wa uso ulioshuka, na mkono uliolala shukani kama si wake. Nilikuwa nimemweleza kwenye simu, lakini kwa maneno tu. Fimbo ilishuka. Kisha akajikaza, akaninyooshea mkono wa kuamuru, nami nikajua anataka nini, maana ningetaka hicho hicho. Nilimpa chupa.

Aliishika mbele ya uso wake kama kipaza sauti.

"Wewe chupa. Muulize huyu mzee, nani alimruhusu kuugua bila kuwaambia watu?"

Mzee Mbazi alimtazama. Hakuitazama chupa. Yeye, nilikuja kufahamu, hakuwahi kununa hata siku moja; alikuwa akimwamkia dada yake kila asubuhi ng'ambo ya ua, akajibiwa na kuku. Midomo yake ilianza kufanya kazi. Kwa pembe ya jicho nilimwona akienda kutafuta maneno mbali, akilishika moja, likimponyoka, akilirudia. Sikuwa nimesikia akiunganisha zaidi ya maneno matatu. Nilishika ukingo wa kitanda, mgongo wangu kwake, nikiomba.

"Lile fenesi," alisema Mzee Mbazi, wazi kabisa, "liliporomoka kutoka juu."

Hata mgonjwa wa jirani, asiyejua Kipare, alijifunika shuka.

Chupa ilitua juu ya kabati kwa kishindo.

"Najua liliporomoka!" Bi Namcheja alifoka, usoni pake, macho kwa macho. "Nani asiyejua? Mimi nilikuwa naosha vyombo, lilikaribia kuniua! Ulikuwa lazima useme? Mbele ya wale watu? Ungesema hukuona! Ungesema jua lilikupiga machoni! Ungesema—"

"Namcheja," alisema kaka yake.

Basi. Alilisema kama mtu anayemwita mtoto ashuke mgongoni, wamefika. Majina yote ya dunia yalikuwa yamempotea, na hilo alikuwa nalo.

Bi Namcheja alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kitandani, juu ya miguu ya mgonjwa. Baada ya muda alianza kufungua kapu kwa vidole vilivyokosa mwelekeo. Yalikuwa makande, bado ya moto, sufuria imefungwa kwa vitambaa vingi mno kwa mtu aliyekuja kukagua mashine. "Kula," alisema. "Na usiseme tena. Kula kwanza."

Akala. Alipomaliza kijiko cha tatu alisema kitu kuhusu chumvi, na wakaanza kugombana upya, moja kwa moja, bila kuku wala chupa. Dada akisema sentensi kumi, kaka akijibu neno moja, kisha mawili. Ilikuwa tiba bora kuliko yoyote niliyoisomea.

Dakta Mahimbo aliingia kinyumenyume. "Bibi," alisema, akiuelekea mlango, "tunakuomba uvae tena kofia. Tukianza mbegu mpya leo, haitakuwa na nuno."

"Subiri," Bi Namcheja alimjibu. "Sijamaliza kugombana naye. Unataka kubeba ugomvi nusu?" Akamkagua kutoka nyuma. "Na wewe ndiye uliyemsonya kaka yangu? Hebu mwombe radhi."

"Siwezi, Bibi."

"Kwa nini huwezi?"

"Ni wewe," Dakta alisema kwa unyonge. "Bado ni wewe."

Kwa hiyo wamepatana wao, na sisi wawili tumebaki tumenuna. Mbegu iliyo kichwani mwangu ni ya kabla ya siku ile, na hakuna aliyeiambia kwamba mambo yamekwisha. Kila ninapoingia wodini shingo inapinda. Moyo wangu unampenda yule mzee, na mdomo wangu unadai fenesi.

Jioni ile, Bi Namcheja alipokwenda kunawa, nilikuwa nakusanya vyombo, uso kwenye kabati. Nilisikia kitanda kikilia. Mkono wa mzee, ule mzima, ulipita begani kwangu, ukaichukua chupa nyekundu, ukaigeuza kidogo maua yanitazame.

"Wewe chupa," Mzee Mbazi alisema, taratibu, akilipima kila neno kabla ya kuliachia. "Huyu binti. Muulize. Ameshakula?"

Yalikuwa yamebaki makande kidogo ndani ya sufuria. Nilijifuta macho kwa mkono wa koti, nikainama karibu na kifuniko.

"Wewe chupa," niliiambia, "mwambie bado, ila anakuja sasa hivi. Na mwambie asiyamalize."